Vinara wa Rekodi za Afya, Kutoka Muheza hadi Merca

Rekodi ya afya inayojulikana kuliko zote ni ya bibi wa Kifaransa, Jeanne Calment, aliyezaliwa mjini Arles Februari 1875 na kufariki Agosti 1997 akiwa na umri wa miaka 122 na siku 164. Hakuna binadamu mwingine mwenye hati za kuaminika aliyefika hapo. Rekodi hiyo ni ya kustaajabisha, ila haimsaidii mtu kujua aishi vipi. Calment alivuta sigara kwa miongo mingi, na hakuna mganga anayeweza kukushauri umuige. Mtu mmoja ana bahati yake na nasaba yake.

Rekodi zenye faida ni zile zilizowekwa na maelfu ya watu waliokubali kupimwa, kufuatiliwa na kuhesabiwa. Nyingi kati ya hizo zimewekwa hapa kwetu, katika wodi za Muheza, Kilifi, Kampala na Moshi, na wenyeji wa miji hiyo mara nyingi hawajapata kuzisikia. Jambo la pili linalonigusa kila ninapozipitia ni bei. Vinara wengi ni vitu vya gharama ndogo kabisa.

Jaribio la uzazi lililohesabu kina mama wengi

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua kina mama wengi kuliko tatizo lingine lolote la uzazi. Duniani hufa takriban 70,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yao ni wa Afrika na Asia ya Kusini. Kinachouma ni kwamba dawa za kuzuia damu hiyo zipo, hazina bei kubwa, na wakunga wanazifahamu. Kikwazo kilikuwa jicho. Mama akishajifungua, mkunga aliangalia shuka na pamba zilizolowa, akakadiria damu iliyotoka. Jicho la binadamu hupunja, hasa usiku, hasa zamu inapokuwa na mkunga mmoja na kina mama watano. Kisha tatizo likigundulika, hatua zilichukuliwa moja baada ya nyingine: hii ikishindwa, ijaribiwe ile. Dakika zilipotea, na mama alikuwa anaisha.

Jaribio lililopewa jina la E-MOTIVE lilitoa matokeo yake Mei 2023. Lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na lilihusisha wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kifaa chake kikuu ni shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Linatandikwa chini ya mama, damu inateremka mfukoni, na mkunga anasoma kiasi chake kwenye mstari. Ikifika nusu lita hakuna tena mjadala. Hapo hatua zote huchukuliwa kwa mkupuo: kulisugua tumbo ili mji wa mimba ukaze, kumpa mama dawa ya kuukaza, kumpa dawa ya kusaidia damu kuganda, kumtundikia dripu, kumkagua kama amechanika au kondo halijatoka lote, na kumwita daktari iwapo hali haitulii.

Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, kina mama waliotokwa na damu zaidi ya lita moja, waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu au waliofariki kwa damu walikuwa 16 katika kila 1,000. Kwingine, ambako huduma ilikuwa ile ya siku zote, walikuwa 43. Ni pungufu la asilimia 60. Na kabla ya utaratibu huo, wakunga walikuwa wanawakosa karibu nusu ya wanaotokwa na damu kupita kiasi. Kwa shuka lenye mistari waliwatambua 93 katika kila 100. Sikumbuki utafiti mwingine wa uzazi uliotoa tofauti kubwa namna hii kwa kifaa kisichohitaji umeme.

Februari 2025 yalifuata matokeo mengine, haya ya Tanzania peke yake. Vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliweka mafunzo ya mara kwa mara ndani ya wodi zenyewe. Wakunga walifanya mazoezi mafupi kwa mwanasesere wa kujifunzia, wakatumia mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, iitwayo Moyo, na vifaa bora vya kumsaidia kichanga asiyepumua. Watafiti walifuatilia akina mama na watoto karibu 300,000. Vifo vya kina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa asilimia 75. Mazoezi ya dakika chache yaliyorudiwa ndani ya wiki yalifanya kazi ambayo semina za hotelini hazijapata kuifanya.

Kwa familia inayosubiri mtoto, maana yake ni hii: jifungulieni kituoni, mama asiachwe peke yake saa za mwanzo, na anayemsindikiza awe na ujasiri wa kumuuliza mkunga damu imefika kiasi gani. Kizunguzungu, jasho la baridi au kitambaa kinacholowa na kubadilishwa haraka haraka ni sababu ya kuita msaada palepale, hata saa nane za usiku.

Dawa ya bei ndogo iliyookoa watoto wengi

Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia vita vya Bangladesh wakaingia India, na kambi zao zikapigwa na kipindupindu. Katika kambi ya Bongaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu. Akaamua kufanya jambo ambalo wakubwa wengi wa tiba hawakuliamini: alichanganya maji, chumvi na sukari katika madumu, akawafundisha ndugu wa wagonjwa kuwanywesha wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Miaka saba baadaye jarida la kitabibu la The Lancet liliandika kwamba huenda huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne hiyo.

Siri yake iko utumboni. Mwili unaoharisha hushindwa kunyonya maji matupu, lakini sukari inapoingia kwenye ukuta wa utumbo huivuta chumvi pamoja nayo, na chumvi huyavuta maji. Ndiyo maana vipimo vina uzito. Pakiti ya mchanganyiko huo (ORS) ya dukani au zahanati ndiyo bora. Isipopatikana: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukari ikizidi, kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari. Mtoto apewe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, aendelee kunyonya na kula, na apate vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au kinyesi kikiwa na damu, safari ya hospitali isingoje asubuhi.

Hadi leo kuna mzazi anayetoka zahanati na pakiti hizo akihisi amedharauliwa kwa sababu hakuandikiwa sindano. Namwelewa, mtoto anapoumwa mtu hutaka kuona jambo kubwa likifanyika. Hili ndilo jambo kubwa lenyewe.

Chakula kilichoshinda ndani ya wiki mbili

Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Kilimanjaro, ukiongozwa na watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi. Walichukua vijana 77 wa kiume wenye afya njema. Vijana 23 waliozoea chakula cha asili walibadilishiwa mlo kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi na vingine vya namna hiyo. Vijana 22 waliozoea vyakula vya kisasa walirudishwa kwenye chakula cha asili, yaani kiburu cha ndizi na maharage, mboga za majani, bamia na nafaka zisizokobolewa. Wengine 22 walikunywa mbege kwa wiki moja. Kumi waliobaki waliendelea na milo yao.

Wiki mbili ni muda mfupi sana, lakini damu ilisema wazi. Walioingia kwenye soseji na chipsi walionekana kuwa na protini nyingi zaidi zile ambazo mwili huzimwaga unapojihami kana kwamba umeshambuliwa, hali ambayo ikidumu miaka huandamana na kisukari na magonjwa ya moyo. Chembe zao za kinga nazo zilipambana na vijidudu kwa udhaifu zaidi kuliko mwanzo. Waliorudi kwenye kiburu walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kumalizika. Mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, nayo ilileta mabadiliko ya kushusha hali hiyo ya kujihami.

Nauona huu kuwa utafiti wa lishe wenye maana kubwa kwetu kuliko mwingine wowote wa miaka ya karibuni, ingawa una mipaka yake: washiriki ni wachache, wote ni wanaume, na hakuna anayejua matokeo ya miaka kumi. Wala habari ya mbege si ruhusa ya kukesha kilabuni, kwa kuwa pombe bado ni pombe. Uzito wake ni mwingine. Kwa miaka mingi tumesoma ushauri wa lishe unaosifu mafuta ya zeituni na samaki wa bahari za mbali, na mama wa Machame au Rombo akadhani chakula chake ni cha umaskini. Sasa sufuria lake limepimwa maabara, na limeshinda.

Nyuzinyuzi za chakula ndizo zinazotajwa sana katika maelezo ya ushindi huo, na hapo kinara wa dunia anaishi kando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kukusanya ubuyu, matunda ya porini na asali, walipimwa bakteria wa tumboni katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Cell. Kwa wastani kila mmoja alikuwa na aina 730 za bakteria. Watu wa California waliopimwa kwa njia ileile walikuwa na 277. Hakuna anayetutaka tuhamie porini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na bakuli la maharage, dona badala ya sembe, mchicha na papai zinamfikisha mtu hapo bila kununua kitu cha kopo.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka karibu 20, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipigia mbiu jambo hili. Mwaka 1961 alisafiri maili 10,000 kwa gari kutoka Kampala kwenda kusini, hospitali kwa hospitali, akichora ramani ya saratani ya taya ya watoto ambayo leo ina jina lake. Baadaye, akiwa Uingereza, alieleza kwamba magonjwa ya utumbo aliyoyaona kila siku huko yalikuwa nadra kwa wagonjwa wake wa Uganda, akahusisha tofauti hiyo na nyuzinyuzi.

Upande wa chumvi, rekodi iko China. Katika vijiji 600, watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse chumvi ya namna hiyo bila kumuuliza daktari. Wengine wote wanaweza kuanza kwa kuondoa kikopo cha chumvi mezani, kwa sababu kiwango kinachoshauriwa hakizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 duniani wana presha, na karibu nusu yao hawajui. Kipimo chake ni cha dakika mbili na hakichomi.

Taifa linalotembea kuliko yote

Septemba 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walikusanya takwimu za watu milioni 1.9 kutoka nchi 168, wakauliza swali moja: ni wangapi hawafanyi mazoezi ya kutosha? Kuwait walikuwa 67 katika kila 100. Uganda walikuwa 5.5 tu, idadi ndogo kuliko zote duniani. Waganda hawakuupata ushindi huo kwa kukimbia viwanjani asubuhi. Waliupata kwa jembe, kwa ndoo ya maji, na kwa safari ya miguu ya kwenda sokoni na shuleni. Rekodi kama hiyo hupotea kimyakimya, kijana anapopata kazi ya kukaa mjini na bodaboda inapomfuata mlangoni.

Mtu wa ofisini ajipime kwa kiasi gani? Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zilianza kama tangazo la biashara la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Mwaka 2025 uchambuzi wa tafiti 57 uliochapishwa na The Lancet Public Health ulionyesha kwamba wanaotembea hatua 7,000 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 47 kuliko wanaotembea 2,000. Baada ya 7,000 faida nyingi huendelea kuongezeka, ila kwa mwendo mdogo. Kwa mgonjwa au mzee, kutoka 2,000 hadi 4,000 tayari ni hatua kubwa.

Sayansi yote hii ilianzia kwenye mabasi. Jerry Morris wa London aliwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa, watu wa mishahara na mitaa ileile. Mwaka 1953 alichapisha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokaa, na mashambulizi ya ghafla yenye kuua yalikuwa karibu nusu. Kabla yake, wazo la kwamba kukaa kunaweza kuua lilionekana geni hata kwa madaktari.

Mishipa ya moyo iliyo safi kuliko yote iliyopata kupimwa ni ya Watsimane, wakulima na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Mwaka 2017 watu wazima 705 walipigwa picha za kifua, na 85 katika kila 100 hawakuwa na dalili ya mafuta yaliyoganda na kukauka mishipani. Wanaume wao huwa katika kazi za mwili saa sita hadi saba kwa siku.

Saa nyingi bila usingizi

Hii ni aina ya rekodi isiyotakiwa kuwekwa. Mwishoni mwa 1963 kijana wa miaka 17 wa San Diego, Randy Gardner, alikesha kwa saa 264, siku 11 kamili, huku watafiti wakimwangalia. Alianza kukosa kumbukumbu, hasira ikapanda, akaona visivyokuwepo. Guinness wameacha kupokea majaribio ya namna hii kwa sababu ya hatari yake. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na simu ndiyo mwizi wake mkubwa siku hizi.

Walioandamwa na watafiti maisha yao yote

Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwafuatilia vijana. Pamoja na wenzao wa mitaa ya kimaskini ya Boston walifika 724, na utafiti huo haujasimama hadi leo, sasa ukiwafuata watoto wao. Robert Waldinger, anayeuongoza, anasema waliokuwa wameridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi wakiwa na 80, na kwamba jambo hilo lilitabiri vizuri kuliko kipimo cha lehemu. Mji wa Framingham, katika jimbo hilohilo la Massachusetts, ulijiunga na orodha mwaka 1948 kwa watu 5,209. Kabla ya utafiti wa mji huo, madaktari wengi waliamini presha ya uzeeni ni jambo la kawaida lisilohitaji tiba.

Wa tatu ni madaktari wa Uingereza wenyewe. Kuanzia 1951 Richard Doll na mwenzake Bradford Hill waliwafuatilia madaktari wanaume 34,439, na hesabu ya miaka 50 ilitoka 2004: mvutaji wa sigara hupoteza kama miaka 10 ya maisha. Anayeacha akiwa na miaka 60 hurudishiwa miaka mitatu, akiwa na 50 miaka sita, akiwa na 40 miaka tisa, na akiacha akiwa na 30 hurudishiwa karibu yote. Sijui takwimu nyingine ya afya inayotoa zawadi kwa kila umri namna hii. Babu wa miaka 60 anayeambiwa amechelewa anadanganywa.

Jaribio lililowastua madaktari

Kati ya 2009 na 2011 watoto 3,141 waliofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri waliingizwa katika jaribio la FEAST. Hospitali zilikuwa sita, nne za Uganda, moja ya Kilifi nchini Kenya na moja ya Muheza nchini Tanzania, na kiongozi wake alikuwa Kathryn Maitland. Vitabu vya tiba vya dunia nzima vilisema mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi ya dripu haraka. Watafiti walitarajia kuthibitisha kwamba Afrika inahitaji kufuata vitabu hivyo. Ikawa kinyume. Waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Waliopewa polepole walikufa 7. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, na miongozo ikaandikwa upya.

Watoto wanaoharisha hawakuhusishwa. Hao bado wanahitaji maji yao bila kuchelewa. Lakini kwa mtoto mwenye malaria kali au homa nyingine nzito, daktari anayeifungua dripu polepole anafuata ushahidi uliotoka Muheza na Kilifi, na mzazi asimlazimishe aiongeze kasi.

Sifuri

Katika sayansi ya VVU hakuna aliyezoea kuiona namba hii. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,300. Waliopewa sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, walikuwa 2,134. Kati yao hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika makundi mawili yaliyopewa vidonge vya kinga vya kila siku waliambukizwa 55. Vidonge hivyo hufanya kazi, ila vinahitaji kumezwa kila siku, na msichana anayeishi na mama mkwe au anayelala bweni hana pa kuvificha. Jarida la Science liliitangaza sindano hiyo kuwa mafanikio makubwa ya kisayansi ya mwaka 2024. Kazi iliyobaki ni bei yake na kuifikisha zahanati.

Ugonjwa pekee wa binadamu uliofutwa

Ndui iliua watu wapatao milioni 300 katika karne ya 20 pekee. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca, pwani ya Somalia, si mbali na Barawa. Ali Maow Maalin alikuwa kijana wa miaka 23. Oktoba 1977 gari lilifika likiwa na watoto wawili wagonjwa, dereva hajui njia, naye akapanda kumwelekeza. Safari ilikuwa fupi, ikatosha. Alikuwa hajachanjwa, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya mkono. Alipona. Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Magonjwa mengine yamepigwa vita kwa nguvu, lakini kati ya yale ya binadamu hakuna wa pili uliofutwa. Kwa wanyama, sotoka ndiyo iliyofuata, na mlipuko wake wa mwisho ulionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001.

Maalin alitumia miaka yake ya baadaye kuzunguka Somalia akihimiza chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi wenye hofu kilichompata yeye. Alifariki Julai 2013, katika kampeni hiyohiyo, kwa malaria.

Malaria nayo ina rekodi zake. Mwaka 2023 iliua watu wapatao 597,000, na 95 katika kila 100 walikuwa Afrika. Mbu ndiye mnyama anayeua watu wengi kuliko wote. Kwa upande wa ushindi, uchambuzi wa 2015 ulikadiria kwamba kinga zilizotumika tangu 2000 zilizuia visa milioni 663 barani Afrika, na chandarua chenye dawa peke yake kilibeba asilimia 68 ya kazi hiyo. Chanjo zimekuja juu yake: RTS,S iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019, na R21 iliyojaribiwa kwa watoto 4,800, wakiwemo wa Kilifi na Bagamoyo, ikazuia karibu robo tatu ya homa za malaria katika maeneo ya msimu. Chandarua hakiondolewi kitandani kwa sababu mtoto amechanjwa.

Sindano moja badala ya tatu

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi wa Afrika Mashariki, na husababishwa na kirusi ambacho chanjo yake ipo. Zamani chanjo hiyo ilihitaji dozi tatu, kisha mbili, na kila dozi ya ziada ilimpoteza msichana aliyehama shule au aliyekaa mbali na barabara. Nchini Kenya watafiti waliwachukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 wa Kisumu, Thika na Nairobi, wakawapa baadhi yao dozi moja tu. Baada ya miezi 18 ilikuwa imezuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi za kirusi hicho kwa asilimia 97.5. Mwanza nako wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipimwa kinga zao, nazo zikadumu kwa dozi hiyo moja. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja.

Scotland, iliyoanza mapema, ilitangaza mwaka 2024 kwamba haijapata hata mgonjwa mmoja wa saratani hiyo kati ya wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13. Tanzania ilihamia kwenye dozi moja Aprili 2024, kwa kampeni ya wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inatolewa bila malipo katika shule na vituo vya afya, na mzazi ambaye binti yake hakuwepo siku hiyo anaweza kwenda kuiulizia kituoni.